Vumbi Nililolipangusa Kwenye Barua za Bibi

Masika ya 2016 paa la nyumba ya bibi, nje kidogo ya mji wa Wete, kisiwani Pemba, lilivuja mpaka maji yakafika chumba cha ndani. Bibi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki miaka 12 nyuma, na nyumba amebaki nayo shangazi, bintiye wa mwanzo. Nilipigiwa simu Unguja, nikapanda meli nije kusaidia kuhamisha vitu. Kasha la misumari ya shaba tulilisukuma watu watatu hadi ukumbini. Ndani yake, chini ya mabuibui ya kuvaa, mlikuwa na chetezo, njuga mbili ndogo za fedha ambazo hakuna aliyejua ni za nani, na bati la biskuti lililofungwa kwa kamba ya makumbi. Ndani ya bati mkawa na barua 41.

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye kesho atafungua kasha la kwao akute bati kama lile. Majirani na jamaa wameniuliza mara nyingi, "Na sisi tunayo makaratasi ya mzee, tuyafanyeje?" na kila mara nimejibu nusu, kwa sababu jibu zima linanilazimu kutaja niliyoyaharibu. Leo nayataja.

Babu alikuwa dereva wa jeshi. Alimuoa bibi mwaka 1942, na mwisho wa mwaka uleule akavuka kwenda Mombasa kutafuta kazi, huko akajiandikisha. Sisi wajukuu tulijua tu kwamba "alikwenda Keya", yaani jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na akarudi 1946 na kikohozi. Mwenyewe hakupenda kuhadithia, na alifariki mimi sijazaliwa. Shangazi alizaliwa mwezi wa Rajabu 1362, yaani Julai 1943, baba yake ameshaondoka. Miaka mitatu ya mwanzo wa umri wake walijuana kwa barua tu. Hilo nilikuwa nalijua tangu utotoni. Sikulitia akilini wakati nilipolihitaji.

Barua zilikuwa mafungu matatu, kila fungu limefungwa kwa utepe uliochanwa kwenye kanga. Shangazi macho yake yameingia ukungu, kwa hiyo nilimwekea moja mkononi. Akaipapasa kingo zake, kisha akasema, "Hizi za baba, za wakati wa vita. Mama alikuwa hataki ziguswe." Akanirudishia. Nilitakiwa nisimame hapo, nifunike bati, nifikiri. Badala yake, mchana uleule nilifungua tepe zote tatu, nikatandika mkeka uani, nikazianika barua juani siku tatu mfululizo ili unyevu utoke.

Makosa matatu nilikuwa nimeshayafanya kabla sijasoma hata neno moja.

La kwanza ni hilo jua. Karatasi iliyolowa hukaushwa kivulini, penye upepo wa polepole, juu ya kitambaa cheupe cha pamba au karatasi isiyo na maandishi, na hugeuzwa mara kwa mara. Jua hupausha wino na kuikausha karatasi hata ikavunjika kwenye mikunjo kama papa mkavu. Barua mbili wino wake umekuwa rangi ya chai ya maziwa, na mistari ya chini haisomeki tena kwa taa yoyote.

La pili ni kuzifungua tepe. Sikupiga hata picha moja ya namna zilivyokuwa. Bibi alikuwa ameshazipanga, tena kwa akili yake mwenyewe, nami nikazichanganya zote juu ya mkeka mmoja kama mtu anayeanua karafuu mvua imekuja. Kosa hili ndilo lililozaa lile kubwa nitakalolieleza mbele.

La tatu ni vumbi. Barua 29 kati ya zile zilikuwa za babu, na 12 zilikuwa za bibi, ambazo babu aliziweka kwenye mfuko wake wa kijeshi akarudi nazo. Katika nne za bibi, ndani ya mkunjo, mlikuwa na chembechembe za kahawia zinazovunjika ukizigusa. Nikadhani ni uchafu wa mende. Nikazikung'uta pembeni mwa ua, nikazipangusa karatasi kwa kitambaa, nikafurahi kwamba zimekuwa safi.

Yaliyofuata niyapitishe haraka. Barua iliyochanika niliiunga kwa selotepu, na selotepu ile baada ya mwaka ikawa njano, gundi yake ikapenya hadi upande wa pili. Nyengine niliipeleka duka la vifaa vya ofisi mjini, ikapitishwa kwenye mashine ya moto na kuvikwa plastiki kama kitambulisho. Nililipa shilingi 1,000. Joto liliyeyusha wino ukatapakaa, na barua ile haitoki tena ndani ya plastiki yake mpaka mwisho wa dunia. Usimpe mtu wa mashine karatasi ya zamani. Mimi nilimpa kwa mkono wangu, na yeye alifanya nilichomwambia.

Sasa habari ya kusoma. Nilikhitimu Kurani nina miaka 11, nikaamini kwamba barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zitanifungukia. Hazikufunguka. Wazee wetu waliandika bila irabu za juu na chini, au kwa kuzitia pale tu walipoona haja. Wau moja inasimama mahali pa "u" na mahali pa "o". Ya inasimama mahali pa "i" na pa "e". Sauti ambazo Waarabu hawana, kama "p", "ch" na "g", kila mwandishi alizitafutia njia yake, na "mb" au "nd" mara nyingi iliandikwa kwa herufi moja tu, ile sauti ya puani ikaachiwa msomaji. Ukikuta kaf, wau, ba na alifu, hapo pana "kuba", "kupa", "kumba", hata "gomba". Anayeijua barua kabla ya kuisoma ndiye anayeisoma.

Barua tatu tu zilikuwa kwa herufi za kizungu, na hizo nilizisoma mwenyewe usiku wa kwanza. Zilikuwa kavu. "Nakuarifu mimi ni mzima. Nimepokea barua yako. Salamu kwa wote." Kiswahili chake cha bara. Nilisikitika, nikaona basi babu alikuwa mtu mgumu. Ilinichukua miezi kufahamu kwamba hizo hakuandika yeye; alikuwa mgonjwa, akaandikiwa na mwenzake. Nilikuwa nimempima babu kwa maneno ya mtu mwingine kwa sababu hayo ndiyo yaliyokuwa mepesi kwangu kuyasoma.

Nikamtafuta kijana aliyesoma Kiarabu hadi chuo kikuu. Nilimlipa shilingi 80,000, na kazi aliifanya kwa uaminifu. Mistari minne mitano ya mwanzo wa kila barua, ile ya heshima na dua, aliisoma kama maji. Akifika "wa baadu, nakuarifu", ambapo Kiswahili kinaanza, anakwama, kwa kuwa alikuwa akitafuta Kiarabu mahali ambapo hakipo. Kosa si lake. Mimi ndiye niliyemchagua kwa elimu yake ya Kiarabu, ilhali nilichohitaji ni mtu aliyelelewa kwa Kipemba cha zamani.

Jambo moja tuliloweza kulifanya ni kuorodhesha tarehe. Barua zote zina tarehe ya Kiislamu. Tukaziandika kwenye daftari: 1362 na 1364. Ya 1363 hatukuona hata moja.

Mwaka 1363 ulianza siku za mwisho za Disemba 1943 ukamalizika katikati ya Disemba 1944. Kwa hesabu yangu, babu alikuwa amekaa mwaka mzima bila kuandika, na mwaka huo ndio shangazi alipokuwa mtoto wa miezi sita hadi mwaka na nusu.

Siku ya Idi, familia imekusanyika, watu wameshakula, nikasimama na daftari langu nikawasomea. Nilijiona nimefanya kazi kubwa. Nilipofika kwenye mwaka mtupu, binamu mmoja akasema labda alipata wa kumtuliza huko Sarandibu, Sri Lanka ya leo. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, lakini pia sikumkataza. Shangazi alikuwa amekaa mlangoni, miguu ameinyoosha. Akasema, "Basi." Akajiinua kwa kushika ukuta, akaingia ndani.

Kwa miezi minane hakutaka kusikia habari ya barua. Nikimpigia simu ananiuliza watoto, ananiuliza mvua, akinisikia nataka kuielekea habari ile ananiaga. Mwanamke wa miaka 73 nilikuwa nimemwambia, mbele ya wajukuu zake, kwamba baba yake hakumuuliza hata mara moja tangu yumo kifuani mpaka ameshashika njia. Hakuna gharama katika kazi hii inayofika hapo. Ukiwa na barua za watu waliokufa, wapo walio hai ambao maisha yao yamo humo, na hao ndio wa kuulizwa kwanza, faraghani, kabla hujafungua mdomo ukumbini. Na usitangaze chochote mpaka umalize kusoma. Mimi nilikuwa nimesoma tarehe tu.

Aliyetutoa ni mwalimu mmoja mzee wa chuo cha Kurani, jirani wa upande wa mama, ambaye alikuwa akiandika barua za watu enzi za ujana wake. Hakutaka malipo, nilimpelekea kitoweo na sukari. Alikuwa na sharti moja: hasomi peke yake. "Mimi nasoma herufi," alisema, "lakini maneno haya ya nyumba ya watu. Mlete mwenyewe nyumba." Nilikwenda kumwomba shangazi radhi kwa magoti. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza kama mwalimu atakunywa kahawa au chai.

Hivyo ndivyo tulivyosoma, alasiri baada ya alasiri, kwenye baraza. Mwalimu anatamka anavyoona, anajikwaa, shangazi ameinamisha kichwa anasikiliza, mara anakamata: "Si 'kutaka', 'kutanga'. Mama alikuwa akisema hivyo." Sikio lake likawa ndilo irabu zilizokosekana. Kama una barua za namna hii, usizisome kwa macho chumbani. Zisome kwa sauti mbele ya mtu aliyewasikia wale watu wakizungumza, hata kama mtu huyo haoni na hajui alifu wala be.

Siku ya nne mwalimu akachukua barua ya Ramadhani 1362. Babu anasema amepata habari ya mtoto, jina alilopewa ameliridhia, na kwamba wamefuturu pamoja na Waislamu wa huko na wakamsomea mtoto Fatiha. Shangazi akatabasamu. Akachukua nyengine, Ramadhani 1362 vilevile kwa mujibu wa daftari langu. Mwalimu akasoma: "Huyo binti ameshashika ukuta, au anakwenda mwenyewe? Mtie njuga miguuni, akikimbia huko mimi nisikie huku."

Shangazi akainua mkono. "Nimezaliwa Rajabu," akasema, "Ramadhani nikashika ukuta? Kwa miezi miwili? Hebu tazama vizuri."

Mwalimu akaileta karatasi karibu na jicho, akaigeuza kwenye mwanga, akacheka kwa kikohozi. Mbili na tatu za Kiarabu hutofautiana kwa jino moja, na babu jino lile alikuwa akilipitisha kwa haraka ya kalamu. Tukazirudia zote. Barua 11 nilizoziandika 1362 zilikuwa za 1363. Ule mwaka mtupu ndio mwaka alioandika kuliko yote.

Na hapo ndipo nilipofahamu mafungu ya bibi. Alikuwa amezifunga kwa mwaka. Lau ningeziacha tepe zake mahali pake, fungu la pili lenyewe lingenisomea.

Njuga zile mbili za fedha nilizitoa ndani ya kasha nikamwekea shangazi kiganjani. Alizichezesha, zikalia. Hakusema neno, wala sisi hatukumuuliza.

Kwa hiyo ushauri wangu juu ya tarehe ni huu: usiamini namba iliyosimama peke yake. Tafuta jambo ndani ya barua linaloweza kuishuhudia: mtoto, mvua, mwezi mtukufu, msimu wa karafuu, kifo cha mtu ambaye kaburi lake lina mwaka. Kisha linganisha na kalenda. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kizungu kwa siku 10 au 11, basi hakuna njia ya kuongeza namba moja ukapata jibu. Tafuta jedwali la kubadilishia tarehe, na ujue kwamba kuandama kwa mwezi kunaweza kukutofautisha siku moja au mbili.

Tarehe zilipokaa sawa, barua zilianza kusema mengine. Ipo moja ya Rabiul-awali 1363, imefunguliwa pembeni na kubandikwa tena ukanda wa karatasi, ndiyo alama ya wakaguzi wa jeshi waliosoma barua za askari. Mstari mmoja umekatwa kwa wembe. Yaliyobaki baada ya tundu ni maneno matatu: "mimi sikuwamo, tulia." Mwezi ule ulianza siku za mwisho za Februari 1944. Tarehe 12 Februari, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi, wakafa watu 1,297, wakiwamo mamia ya askari wa Afrika Mashariki. Babu alikuwa amepita njia ileile mwaka uliotangulia. Mimi nimeelewa kwamba alimwandikia mkewe asije akasikia habari ya meli akakaa eda bure, na mkaguzi akaikata meli, akamwachia uhai wake.

Wakaguzi hawakuruhusu askari kutaja alipo. Sasa sikiliza alivyofanya mwezi wa Shaaban 1363: "Ukitaka kujua nilipo, kumbuka chakula chetu cha Ijumaa kabla ya dhiki hii. Nimefika shambani kwake. Lakini sisi hatupewi, tunapikiwa sima." Mimi na yule kijana tuliyapita maneno hayo kama porojo la njaa. Mwalimu aliyafahamu papo hapo, kwa sababu alikuwa mtoto wakati ule. Mchele uliokuwa ukiliwa Unguja na Pemba kabla ya vita kwa wingi ulitoka Burma. Wajapani walipouteka mji wa Rangoon, Machi 1942, njia ya mchele ikakatika, ukawa wa kugaiwa kwa kipimo, watu wakarudi kwenye muhogo na ndizi. Babu alikuwa anamwambia mkewe, chini ya pua ya mkaguzi: niko Burma.

Na kweli, Agosti 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa imefika Tamu, ikaanza kuteremka bonde la Kabaw katikati ya masika ya huko. Njia ilikuwa tope tupu, magari yakazama hadi milangoni, malaria ikawaangusha watu. Disemba walifika Kalewa, na kwenye mto Chindwin wahandisi wakaweka daraja la vyuma la mita kama 350, ambalo kwa wakati ule lilikuwa refu kuliko yote ya aina yake. Babu, dereva, katika barua za miezi hiyo hakuandika hata mstari mmoja wa mapigano. Aliandika kwamba Ramadhani hakufunga, ana siku 30 za kulipa, na mkewe amkumbushe akirudi. Aliuliza mkarafuu wa nyuma ya nyumba umetoa. Aliuliza fedha anazokatwa kwenye mshahara zimefika kwa Mudiri, ofisa wa serikali wa sehemu ile, na akasema katika hizo anunue kanga, ila asinunue yenye weusi mwingi.

Nataka nikae kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipokuwa kipofu zaidi. Nilifungua bati lile nikitafuta mapenzi kama tunavyoyajua sisi, "nakupenda", "siwezi kuishi bila wewe". Sikuyaona. Niliona hesabu za fedha, salamu kwa watu ishirini, maagizo ya paa. Nikaona ndoa ya wazee ni mkataba tu. Lakini fikiria barua zile zilivyosafiri. Upande mmoja mkaguzi anasoma. Upande wa pili, barua ikifika, bibi hakuwa akiisoma peke yake. Husomwa ukumbini, mama mkwe yupo, mawifi wapo. Na ya kwake akiiandika, anasema mbele ya mwalimu wa chuo, na mwalimu anaandika. Mtu mwenye heshima angesema nini hapo? Angesema, "Kanga nimenunua, nyekundu. Sitaivaa mpaka uione." Maneno hayo yamo kwenye barua ya bibi ya Shawwal 1363, yamekaa baina ya bei ya muhogo na habari ya mbuzi aliyezaa. Shangazi aliposomewa alifunika uso kwa mtandio.

Kisha, kuanzia Dhulhija ya mwaka ule, mwandiko wa barua za bibi unabadilika. Herufi zinakuwa kubwa, zinapanda na kushuka, nukta zimepotea njia. Nilikuwa nimedhani ni mwandishi mbaya zaidi. Mwalimu akasoma mstari wa kwanza akanyamaza, akamtazama shangazi, akasema, "Hii niwasomee au niwape?" Shangazi akasema soma. "Barua hii mkono wangu. Nimejifunza kwa kuzifuata zako. Mwalimu simtaki tena baina yetu."

Bibi alikuwa amesoma Kurani utotoni, akajua kutambua herufi, lakini kuandika hakufundishwa. Alijifundisha usiku kwa kunakili barua za mumewe. Barua nne za mwisho ni mkono wake. Kuna mistari humo shangazi ameniambia isitoke nje ya chumba kile, na haitatoka. Nimeiacha bila kuinakili hata kwenye daftari langu. Lakini mmoja ameniruhusu kuutaja, kwa kuwa unanihusu mimi.

"Nimekutilia kilua cha pale kisimani. Usikifungue mbele ya wenzio."

Kilua ni lile ua la harufu kali ambalo wanawake wetu hulitia kwenye vikuba pamoja na asmini na rihani, likavaliwa nyweleni au likawekwa mtoni wakati wa kulala. Likikauka huwa la kahawia, likaguswa likavunjika. Kila moja ya barua zile nne bibi aliitia kilua. Vilikwenda hadi Asia, babu akavirudisha ndani ya mikunjo yake vilevile, bibi akavifungia kwenye bati, vikakaa miaka 70. Mimi nikavikung'uta uani kwa mchana mmoja.

Nilisimama nikaenda pale pembeni mwa ua. Masika mawili yalikuwa yameshapita juu yake. Nililia kilio cha msibani, na mwalimu mzee akajifanya anatafuta viatu vyake ili asinione.

Tangu hapo nimejifunza kazi hii polepole, kwa kuuliza. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kutunza makaratasi alinionyesha mengi, na nimekwenda jumba la Nyaraka pale Kilimani, Unguja, ambako makaratasi ya tangu zama za masultani yamehifadhiwa, nione kwa macho yangu namna yanavyokaa. Nawapa niliyoyapata. Kabla ya kugusa chochote, piga picha bati lilivyo, fungu lilivyo, fundo lilivyo. Chochote kilichomo ndani ya mkunjo, hata kama ni vumbi, kitie ndani ya bahasha ndogo ya karatasi, uandike kwa penseli kimetoka barua ipi. Namba usiitie juu ya barua; itie juu ya bahasha yake. Picha zipigwe kwa simu karibu na dirisha, asubuhi, bila taa ya simu, pande zote mbili, hata upande usio na maandishi, kwa kuwa mihuri na alama za wakaguzi ziko huko. Nakala ziwekwe kwa watu wasiopungua watatu, si kwenye simu moja. Barua zenyewe zilazwe zimekunjuliwa, baina ya karatasi nyeupe, ndani ya sanduku la kadibodi lisilobana, juu ya meza iliyoachana na ukuta. Sakafu ina mchwa na ukuta una unyevu. Usizifukize udi wala usizitie naftalini kwa nia njema. Fungua sanduku kila baada ya miezi michache utazame kama pana wadudu, hiyo ndiyo dawa.

Kwa fedha, ukijumlisha nauli za meli za miaka mitatu, malipo ya kijana, daftari, masanduku na kitoweo cha mwalimu, imepita laki nane. Nyingi ya hizo zilitokana na haraka yangu. Mwalimu na shangazi, ambao ndio walioifanya kazi, hawakunigharimu ila kahawa. Mwalimu ameshafariki. Nilimkuta na umri wake umeshakwenda, na kama ningechelewa mwaka mwingine barua zile zingebaki herufi tu. Kwa hiyo ukiwa na mzee wa kukusomea, nenda kwake kwanza, habari ya masanduku baadaye.

Siku tulipomaliza barua ya 41, jua linakuchwa, shangazi aliniomba nimpe ile yenye kilua cha kisimani. Nilimkunjulia nikamwekea mikononi. Hakuipapasa kingo kama siku ya kwanza. Aliileta puani, akafumba macho yale yasiyoona, akanusa kwa muda mrefu, upande huu na upande huu.

"Karatasi," akasema, akanirudishia.